Mto Usiokuwepo: Kuupinga Mji wa Kubuni Wenye Nusu Mbili

Katika semina moja ya uzamili niliyoisimamia, mwanafunzi mmoja alitusomea pendekezo lake la utafiti juu ya taswira ya mji uliogawanyika katika riwaya ya Kiswahili ya Kenya. Mji wenyewe ni wa kubuni, na sote tuliokuwa pale tulikuwa tumekwisha kuuzuru mara nyingi. Una mto katikati. Upande mmoja wanakaa walio nacho na upande wa pili wasio nacho. Ama upande mmoja kabila hili na upande wa pili kabila lile. Lipo daraja, na daraja huvunjika au huvunjwa. Yupo kijana wa ng'ambo hii anayempenda msichana wa ng'ambo ile. Mwishoni wawili hao hufa, na wazee wakapeana mikono juu ya makaburi yao. Au hawafi, wakaoana, na mji ukapona. Pendekezo lilisifiwa. Lilikuwa na nadharia yake, lilikuwa na sura zake zilizopangwa, na mto ulikuwa umefasiriwa kwa kila namna ambayo mto unaweza kufasiriwa.

Ndipo mwanafunzi wa pili, mzaliwa wa Keroka, alipouliza swali lililowachekesha wenzake: katika mji huo, ushuru wa soko unakusanywa na nani? Msomaji wa pendekezo alijibu kwamba hilo si swali la kifasihi. Makala hii imeandikwa kwa sababu mimi niliyekuwa mwenyekiti nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukubali. Ninadai sasa kwamba hilo ndilo lililokuwa swali la kifasihi pekee lililoulizwa siku ile. Kwamba mji wa kubuni wenye nusu mbili umekuwa kwetu kichaka cha kujifichia hata baada ya mwindaji kwenda zake. Na kwamba lawama kubwa haiwaendei waandishi bali inatuelekea sisi wahakiki, ambao tumewafundisha watu kuuona mto pasipo na mto.

Kichaka na mwindaji

Isidhaniwe kwamba ninaibeza kazi ya kubuni nchi zisizokuwapo. Shaaban Robert alipoichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, naye mwenyewe alikuwa amekula mshahara wa utawala huo kwa miaka mingi. Kuiweka nchi angani kulimpa nafasi ya kuushtaki utawala wa ardhini. Hapa Kenya sababu za kujificha zilikuwa wazi zaidi. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza, tangu katika jina lake, Kenya inaelekea wapi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa 1977 na kuwekwa kizuizini mwaka mzima. Alamin Mazrui, mwaka mmoja tu baada ya kutoka kwa Kilio cha Haki (1981), naye akatiwa kizuizini. Mwandishi aliyeishi katika miaka hiyo akaamua kuiita nchi yake kwa jina lisilomo katika ramani hakuwa mwoga. Alikuwa mtu mwenye akili timamu na mwenye watoto wa kulea.

Lakini tuulize: kichaka kile kinatusitiri na nini leo? Mfumo wa vyama vingi ulirejea katika mwaka 1991, uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika 1992, na Katiba ya 2010 inaulinda uhuru wa msanii kwa kuutaja. Simdanganyi mtu kwamba hatari zote zimekwisha. Hata hivyo, magazeti yetu huwataja magavana kwa majina yao kila siku na kuwachora katuni wakiwa na matumbo makubwa, ilhali riwaya na tamthilia za Kiswahili zingali katika Cheneo ya Mstahiki Meya (2009), katika Wahafidhina ya Chozi la Heri, katika Sagamoyo ya Kigogo, katika Matuo ya Nguu za Jadi ambamo Waketwa na Wakule wanatazamana kwa jicho la husuda. Sizitaji kazi hizi kwa kuzidharau. Nimezifundisha, na baadhi ya kurasa zake ningependa ziwe zangu. Ninazitaja kwa kuwa zimepita, moja baada ya nyingine, katika mikono ya wanafunzi wote wa sekondari nchini. Kijana wa Kenya anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa ameusoma mgawanyiko wa jamii miaka minne mfululizo bila hata mara moja kuukuta mahali anapoweza kupanda matatu kwenda.

Sababu ya hali hii si siri. Kitabu cha Kiswahili kisichoingia shuleni hakinunuliwi, na kitabu kinachotaka kuingia shuleni hakina budi kumridhisha kila mtu, au angalau kisimwudhi yeyote. Jina la mahali huudhi. Kwa hiyo kichaka kilichopandwa kwa hofu ya askari sasa kinamwagiliwa maji na hofu ya kukosa soko. Hofu ya pili ni ya halali kama ya kwanza, maana mwandishi naye hula. Ila haistahili heshima tuliyoipa ile ya kwanza, na wala haistahili kuitwa usanii.

Keroka

Sasa twende kwenye mji ambao mwanafunzi yule alitoka. Keroka uko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Sotik, katika nyanda za juu zenye chai na ndizi na mvua isiyojua likizo. Ni mji wa soko. Siku ya soko utawakuta akina mama na mafungu yao ya chinsaga na rinagu (mgagani na mnavu, kwa wasomaji wetu wa pwani), wauza mitumba, wauza ng'ombe, na vijana wa bodaboda ambao wanajua bei ya kila kitu. Lugha inayosikika ni Ekegusii. Makanisa ni yale yale, ya Kikatoliki na ya Kisabato, na watu huyaendea bila ya kuuliza yako katika kaunti gani.

Lakini yamo katika kaunti mbili. Mpaka kati ya Kisii na Nyamira, kaunti ya 45 na ya 46 katika orodha ya Katiba, unapita katika mji huo. Upande wa Kisii ni Nyaribari Masaba. Upande wa Nyamira ni Kitutu Masaba. Mpaka wenyewe ni wa jana. Nyamira ilikatwa kutoka wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda wote ambapo wilaya zilikuwa matawi tu ya serikali moja ya Nairobi, mstari ule haukumsumbua mtu sana. Mambo yalibadilika mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Katiba imezipa kaunti mamlaka juu ya masoko na leseni za biashara. Mstari uliokuwa wino katika faili ukageuka kuwa mstari wa fedha. Tangu hapo serikali mbili zimekuwa zikivutana juu ya nani ana haki ya kutoza katika soko la Keroka na mpaka hasa uko wapi, na mfanyabiashara wa pale amejikuta kati ya vitabu viwili vya risiti.

Nalitafakari jambo hili kwa macho ya mhakiki. Huu ni mji uliogawanyika nusu mbili zinazoshindana, sawasawa na ule wa semina yetu. Lakini hakuna mto unaozigawa. Hakuna kabila hili na kabila lile, kwani wote ni Abagusii. Hakuna matajiri upande huu na makabwela upande ule. Muuza viatu wa Kisii na muuza viatu wa Nyamira wamenunua mzigo wao kutoka kwa mtu mmoja na wanadaiwa na benki moja. Ukiupima kwa mizani yetu ya kawaida, mji huu haukugawanyika hata kidogo. Nao umegawanyika kiasi cha watu kukabiliana barabarani.

Ajabu ni kwamba wahakiki wa mkondo wa Kimarx, ambao wangetarajiwa kuwa wa kwanza kuuliza fedha zinakwenda wapi, ndio waliolipuuza swali la ushuru kwa ukaidi mkubwa zaidi. Tangu miaka ya 1970 tumezoea kuikabili kila kazi na upanga mmoja: tabaka la juu na tabaka la chini, mwenye kunyonya na mwenye kunyonywa. Upanga huo ulikata vizuri Kuli (1979) kwa sababu Adam Shafi aliandika juu ya makuli halisi wa Unguja na mgomo wao wa 1948. Ila kwa kuukatia kila kitu tumeufanya butu. Kisha ukaja umuundo, nao ukatufundisha kupanga kila kitu kwa jozi: juu na chini, kale na leo, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Mikondo miwili iliyotukanana kwa miaka ishirini ilikuwa, kumbe, inaafikiana juu ya jambo moja, kwamba mji ukigawanyika basi nusu zake sharti ziwe tofauti. Keroka unasema kinyume. Nusu zake zinashindana kwa sababu zinafanana, zinaomba kitu kimoja kwa haki moja, na kitu chenyewe hakitoshi kwa wawili.

Nitoe mfano wa pili kwa ufupi. Mji wa Kisii wenyewe, ambao Waingereza waliufanya makao yao mwaka 1907 na ambao wazee bado huuita Getembe au Bosongo, yaani kwa Wazungu, umepitiwa na mpaka wa majimbo ya uchaguzi ya Nyaribari Chache na Kitutu Chache Kusini. Mto Nyakomisaro unapita humo, mchafu kupita kiasi. Msomi mgeni akiusikia ushindani wa Nyaribari na Kitutu kuhusu mji huo atakimbilia mto, aufanye taashira, na kuandika sura nzima. Ushindani wenyewe uko katika ardhi za mjini, katika kandarasi, na katika hesabu za kura za kila miaka mitano. Mto umebeba taka tu.

Na huko juu, Mto Gucha, ambao chini zaidi huitwa Kuja, unaanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, unateremka kupitia Kisii na Migori hadi Ziwa Viktoria. Hauigawi Nyamira na Kisii. Unatoka katika moja na kuingia katika nyingine. Mgusii hujenga juu ya kilima, na mto uko bondeni. Kwa vizazi vingi bondeni ndiko watu wa vilima viwili walikokutana, wanawake kwa mitungi yao na wachungaji kwa ng'ombe wao, na leo wapigaji wa matofali kwa tanuri zao. Ugomvi ulishuka kutoka vilimani. Mtu anayeandika kwamba mto uliwatenga Abagusii hajawahi kuteka maji pale.

Jambo hili Ngũgĩ alilijua. Katika riwaya yake ya 1965 ambayo Kiswahili chake kinaitwa Njia Panda, vilima vya Kameno na Makuyu vinakabiliana na Mto Honia uko kati yao. Lakini msimulizi anaonyesha tangu ukurasa wa kwanza kwamba mto huo ndio uhai wa vilima vyote viwili. Tumeifundisha riwaya hiyo nusu karne, na wanafunzi wetu wangali wanaandika katika mitihani kwamba Honia ni mpaka. Hawakuyapata hayo kwa Ngũgĩ. Wameyapata kwetu.

Wale tunaowaoa

Kosa la mto ni dogo kuliko kosa la wapenzi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Mji wetu wa kubuni hauwezi kukamilika bila kijana na msichana wa pande mbili. Mfano huo tumeupokea kutoka Verona ya Shakespeare, tukauvika kanga na shuka, na tukauamini. Ndani yake mna dhana kwamba ndoa ya kuvuka mpaka ni uasi, na kwamba uasi huo, ukishinda, unauponya mji. Wahakiki tumeipa dhana hiyo cheo cha kanuni. Riwaya ikimalizika kwa ndoa ya pande mbili twasema mwandishi ana matumaini. Ikimalizika kwa ndoa iliyozuiliwa twasema amekata tamaa.

Katika Gusii dhana hii haisimami hata kwa siku moja. Kwa mila, mtu haoi ndani ya ukoo wake. Hilo ni mwiko. Mke sharti atoke nje, na nje maana yake ni kwa wale mliogombania nao malisho na mipaka. Wataalamu wa elimu-jamii waliofanya utafiti huko katikati ya karne ya 20 walikuta wazee wakieleza waziwazi kwamba watu wanaooana nao ndio hao hao wanaopigana nao. Wazee hawakulisema hilo kwa masikitiko. Walikuwa wakieleza jinsi dunia ilivyo. Kila nyumba ya Kigusii, basi, imejengwa na mwanamke aliyetoka upande wa pili. Bibi ni wa huko, wajomba ni wa huko, ng'ombe wa mahari wamekwenda huko na hawakurudi. Kama ndoa ingaliweza kuuponya mgawanyiko, Gusii ingalikwisha kupona kabla Mzungu hajafika.

Hapo ndipo tamthilia halisi ilipo, na ndiyo hatuijui kuiandika wala kuihakiki. Mfikirie mwanamke aliyezaliwa upande wa Kitutu akaolewa upande wa Nyaribari, mwenye kibanda sokoni Keroka. Siku ya ghasia, nduguye yumo katika kundi moja na mwanawe yumo katika kundi la pili. Hakuna uasi wowote alioufanya. Alifuata mila kikamilifu, na mila ndiyo iliyomweka hapo alipo. Mwanamke huyu si daraja. Daraja hukanyagwa na pande zote mbili lakini lenyewe halina shauri. Yeye ana shauri, ana deni, ana mifuko miwili ya vitunguu inayooza, na ana jambo la kumwambia kila mmoja wa hao wawili ambalo haliwezi kusemwa mbele ya mwingine. Nitajieni riwaya ya Kiswahili yenye mwanamke huyo. Na nitajieni, maana hili ni baya zaidi, nadharia yoyote tunayoifundisha ambayo ingemwona kama angekuwamo.

Ughaibuni nako kuna funzo. Mji wa Mostar huko Bosnia ulijulikana ulimwenguni kote daraja lake la kale lilipobomolewa kwa mizinga mwezi wa Novemba 1993. Kila aliyeandika juu yake alisema mto Neretva uligawanya Wakroati na Wabosnia. Daraja lilijengwa upya na kufunguliwa 2004, viongozi wakaja, hotuba zikatolewa. Lakini mstari wa mbele wa vita haukuwa mto. Kwa sehemu kubwa ulipita katika barabara pana iliyoko magharibi ya mto, na watu walioishi kati ya barabara na maji walikuwa wa upande ule ule wa wale walioishi ng'ambo ya maji. Daraja lilikuwa limewaunganisha watu ambao hawakuwa wametengana. Ulimwengu ulijenga upya taashira, na barabara ikabaki mpaka. Sijui mfano ulio bora zaidi wa madhara ya kuhakiki mji kabla ya kuutazama.

Majibu kwa wapinzani

Nimewahi kuyatoa mawazo haya mbele ya wenzangu na nimejibiwa kwa hoja mbili za maana. Ya tatu ilikuwa matusi, nayo naiacha.

Hoja ya kwanza ni kwamba mji wa kubuni ni wa watu wote, ilhali mji halisi ni wa wenyewe. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tusingekuwa na Unguja. Mji wenye nusu mbili na maji katikati ulikuwapo kweli katika fasihi yetu: Mji Mkongwe upande huu, Ng'ambo upande ule, na kijito cha bahari kati yao. Daraja lilikuwapo, ndiyo maana mahali pale pakaitwa Darajani. Kijito kilifukiwa katika karne ya 20 na barabara ikapita juu yake. Daraja halipo, maji hayapo, jina la Darajani lipo na jina la Ng'ambo lipo. Adam Shafi alipoandika Vuta n'kuvute (1999) hakubadili jina hata la mtaa. Yasmin anatoka katika nyumba ya mumewe mzee na kwenda kukaa kwa Mwajuma huko Ng'ambo, na hatua zile chache zinabeba rangi, dini, umri, fedha na siasa za kupinga ukoloni zote kwa pamoja, kwa sababu msomaji anajua, au anajulishwa, ni hatua kutoka wapi hadi wapi. Wanafunzi wangu wa Kisii hawajafika Unguja na wanakielewa kitabu hicho vizuri. Na ilipotengenezwa filamu yake mwaka 2021 haikuhitaji kuhamishiwa Sagamoyo ili ieleweke nje. Kinachowafikia watu wa mbali ni uhakika wa mambo. Wingu halimfikii mtu yeyote zaidi ya linavyomfikia mwingine.

Pwani pia itukumbushe kwamba ushindani wa nusu mbili una furaha yake, jambo ambalo sisi wa bara tumelisahau kwa sababu ya damu iliyomwagika. Mkomani na Langoni katika mji wa Lamu, Marini na Arinoti katika ngoma za beni zilizoenea Tanganyika nzima baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: watu walishindana kwa mavazi, kwa mashairi, kwa karamu zilizowafilisi, na hakuna upande uliotaka wa pili ufe, kwani ungeshindana na nani? Gusii nako kuna kitu cha namna hiyo ingawa hakijapata mwandishi. Klabu ya Shabana iliporejea katika ligi kuu mwaka 2023 baada ya kuwa nje miaka kumi na saba, waliojaa Uwanja wa Gusii walitoka kaunti zote mbili na hakuna aliyeulizwa risiti yake ya ushuru. Lakini huu ni mchepuko.

Hoja ya pili ni nzito. Inasema kwamba katika nchi iliyoona mauaji ya mwaka 1992 na ya 2007 na 2008, kuyataja makabila na mahali katika kitabu cha shule ni kucheza na moto. Majina ya kubuni yanatulinda. Ninaiheshimu hoja hii kwa sababu wanaoitoa wana makaburi ya kuonyesha. Lakini ninaikataa. Fumbo lisilo na jina halimzuii msomaji kutia jina. Linamwachia kazi hiyo aifanye peke yake, gizani. Mwalimu yeyote aliyefundisha karibu na mpaka wa Borabu na Sotik anajua kwamba darasa likipewa jamii mbili za kubuni, moja dhalimu na moja inayodhulumiwa, kila mtoto hulijua kabila lake kuwa lipi kati ya hizo mbili kabla kengele haijalia, na hakuna hata mmoja anayejikuta katika ile dhalimu. Jina halisi lina faida hii moja kubwa: linaweza kukanushwa. Msomaji wa Nyamira akisoma kwamba mtu wa Nyamira alifanya jambo fulani sokoni, atasema si kweli, au ni kweli lakini wa Kisii walianza, na mazungumzo yameanza. Juu ya Matuo hakuna wa kukanusha.

Naongeza kwamba Kiswahili kimepewa katika jambo hili mzigo usio wake. Tunakitaka kiwe lugha isiyo na kabila, na kwa hiyo tunakitaka kiongee kana kwamba makabila hayapo, koo hazipo, na kaunti zimechorwa na malaika. Ekegusii kinayo maneno ya ukoo, ya kilima, ya shemeji adui. Mwandishi wa Kigusii akiandika Kiswahili huyaacha maneno hayo mlangoni kama viatu. Kwa nini? Kiswahili cha Unguja hakikuacha Ng'ambo mlangoni.

Nimekiri kwamba nilinyamaza siku ile, na nikiri pia kwamba katika maelezo yangu ya mihadhara, ambayo wanafunzi wamekuwa wakiyanakili kwa miaka mingi, mna ukurasa wenye mchoro wa mto na duara mbili. Niliuchora mwenyewe. Niliona unarahisisha mambo, na kweli ulirahisisha: majibu ya mitihani yalifanana hadi nikaweza kusahihisha hamsini kwa siku. Wala sidai kwamba kuutaja Keroka kunatosha. Ipo hatari ya riwaya kuwa taarifa ya kamati ya mipaka, na Katiba yenyewe, ambayo katika kifungu cha 188 inataka tume huru na theluthi mbili za kila bunge kabla ya mpaka wa kaunti kubadilishwa, imehakikisha kwamba kamati hizo hazitapungukiwa na kazi.

Mwanafunzi aliyeuliza swali la ushuru aliniletea baadaye pendekezo lake mwenyewe. Jopo lililolisikiliza lilimtaka aondoe Keroka na atafute matini yenye mandhari pana zaidi, nami katika jopo hilo nilikuwa sauti moja. Hakuondoa. Aliandika badala yake hadithi fupi, kurasa kumi na nne, ya mama mwenye kibanda. Katika nakala ya kwanza alikuwa ametia mto mdogo katikati ya soko, pengine kwa ajili yangu. Nilimrudishia na alama ya kuuliza pembeni. Katika nakala ya pili mto haupo. Kuna mtaro wa kando ya barabara ambao hakuna kaunti iliyoukubali kuwa wake. Mvua za Aprili zinaufurisha, na takataka za upande mmoja zinaingia katika vibanda vya upande wa pili, na mama yule anazitoa kwa koleo huku akisubiri nani atakuja kwanza na kitabu cha risiti.

Nimempelekea mhariri wa jarida hili hadithi hiyo kwa pendekezo kwamba ichapishwe katika toleo lijalo, bila kubadilishwa jina la mahali.